Ulinzi wa USC: mfumo ulivuja au wachezaji hawakutosha?

Swali: Mimi na shemeji yangu tunaishi Los Angeles na tumeishabikia USC, timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha Southern California, tangu Caleb Williams, kotabeki (mrusha pasi mkuu), alipofika. Kila tukigusia ulinzi wa misimu ya 2022 na 2023 tunaishia kugombana. Mimi nasema mfumo wa kocha wa ulinzi, Alex Grinch, ndio ulioiua timu. Yeye anasema kocha haingii uwanjani, wachezaji hawakuwa na uwezo. Nani ana haki? Na je, wangesajili wachezaji bora zaidi bila kumfukuza kocha, mambo yangebadilika?

Jibu:

Ndugu yangu, kwa sehemu kubwa haki iko kwako, ila shemeji yako ameshika jambo la kweli ambalo mashabiki wengi wa USC walilipuuza mpaka chuo cha Michigan walipowaonyesha mwaka 2024. Nitalifikia. Kwanza niseme msimamo wangu. Katika futiboli ya vyuo vya Marekani, mfumo ndio unaosajili. Kocha anayetaka safu ya mbele yenye vijana wepesi wa kuchomoka huku na kule atawatafuta wepesi, na miaka miwili baadaye wakisukumwa nyuma kila mpira unapoanzishwa, shabiki atasema, "Hatuna watu." Kweli hawapo, lakini kukosekana kwao kulianzia kwenye benchi la ufundi.

Kwa wasomaji wasioifuata timu hii, mambo yalikwenda hivi. Msimu wa 2022, wa kwanza wa kocha mkuu Lincoln Riley pale USC, timu ilishinda mechi 11 na kupoteza 3, na Williams akachukua Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Nyuma ya sherehe hiyo ulinzi uliruhusu wastani wa pointi 29.2 kwa mechi. Msimu uliofuata wastani ukapanda hadi 34.4 na timu ikamaliza na ushindi 8 na vipigo 5. Hata walipokuwa wakishinda, mashabiki walitoka uwanjani wameshika vichwa: 48-41 dhidi ya Colorado, 43-41 dhidi ya Arizona baada ya nyongeza tatu za muda, 50-49 dhidi ya California. Tarehe 4 Novemba 2023 Washington walikuja Los Angeles wakashinda 52-42. Kesho yake Grinch akafukuzwa.

Mechi ninayoirudia mara nyingi, hata hivyo, ni ya Cotton Bowl, mechi maalumu ya kufunga msimu, tarehe 2 Januari 2023 kule Arlington, Texas. USC walikuwa wanaongoza Tulane 45-30 zikiwa zimebaki kama dakika nne na nusu. Tulane ni chuo cha New Orleans ambacho msimu uliotangulia kilishinda mechi 2 tu, na kijana wa sekondari anayetakiwa na vyuo vyote viwili mara nyingi atakwenda USC. Tulane wakapata tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, kupitia mkimbiza mpira wao Tyjae Spears. USC wakaharibu kuupokea mpira uliofuata, wakabanwa kwenye yadi yao ya kwanza, kisha wakaangushwa ndani ya eneo lao la mwisho na kuwapa Tulane pointi 2. Hayo si makosa ya ulinzi, na ni lazima tuwe waadilifu. Lakini baada ya hapo ulinzi ulikuwa na kazi moja ya kuzuia safari ya yadi 66, na haukuweza. Zikiwa zimebaki sekunde 9, kotabeki wa Tulane, Michael Pratt, akampasia Alex Bauman, 46-45. Spears alimaliza mechi na yadi 205 na tachidauni 4 kwa mbio 17, yaani yadi 12 kila alipokabidhiwa mpira.

Mwambie shemeji yako akupe maelezo ya namba hiyo kwa kutumia vipaji peke yake. Spears ni mchezaji mzuri, baadaye alichukuliwa na Tennessee Titans wa NFL, ligi ya kulipwa. Lakini wale waliokuwa wanamkingia njia hawakuwa na sifa za usajili kuwazidi walinzi wa USC. Timu yenye vipaji zaidi ikikubali yadi 12 kwa kila mbio, basi kuna kitu kingine kinachoendelea.

Nikiangalia video za timu inayovuja, huwa nasimamisha pale mkimbiza mpira anapoguswa kwa mara ya kwanza. Akiguswa kwenye mstari wa kuanzia, kisha akamburuta mlinzi yadi sita, hapo nafikiria nguvu, mbinu za kuangusha na uwezo wa mtu mmoja mmoja. Akifika yadi nane mbele hajaguswa na mtu, naanza kuwaangalia makocha, kwa sababu njia ile ilitakiwa kuwa na mtu na haikuwa naye. Safu ya wakingaji watano, wale wanaomfungulia mkimbiaji njia, ina mapengo sita ya kupita, kati yao na pembeni, ukiongeza mkingaji wa pembeni yanakuwa saba. Kila mpango wa ulinzi humpa mtu kila pengo. Mtu akikosea pengo lake mara moja, amekosea yeye. Pengo lile lile likibaki wazi kwa miezi na miaka, na anayekosea leo ni huyu na kesho ni yule, kosa limo kwenye mafunzo.

Sasa chukua mechi ile ya Washington. Dillon Johnson wa Washington alikimbia yadi 256 na kufunga tachidauni 4. Kabla ya mechi hiyo Washington ilijulikana kwa pasi za kotabeki wake Michael Penix, si kwa mbio. Itazame tena polepole. Mpira unapoanzishwa, walinzi wa mbele wa USC wanajitupa upande mmoja kwa pamoja, hatua moja ya pembeni kabla ya kwenda mbele. Wakingaji wa Washington hawapigani nao. Wanawaacha waende huko huko wanakotaka, wanawasindikiza kwa mikono, na Johnson anakata kurudi upande uliobaki mtupu. Pale alitakiwa kuwepo mlinzi wa kati. Naye ama kafuata mkumbo wa wenzake, ama kakutana na mkingaji aliyefika kwake bila kuzuiwa, kwa kuwa mlinzi mwepesi wa mbele hakuweza kukaa na wakingaji wawili kwa wakati mmoja. Anayebaki ni beki wa mwisho, peke yake kwenye nafasi kubwa, akimkabili mtu wa zaidi ya kilo 95 aliyeshachanganya mwendo. Akimkosa, mashabiki wanamzomea yeye.

Huo ndio uliokuwa mfumo wa Grinch tangu zamani: kasi, kujitupa pembeni, kuvuruga hesabu za wakingaji, na kupora mpira. Lengo lake lililojulikana lilikuwa kupora mpira mara 24 kwa msimu. Na sitaki umdharau, kwa sababu mfumo huo ulimjengea jina kihalali. Washington State, alikokuwa kuanzia 2015 hadi 2017, ni chuo kilicho katika mji mdogo wa Pullman, mbali na ngome za usajili. Huko huwezi kupata majitu ya safu ya mbele, kwa hiyo unatafuta wepesi na unacheza kamari ya mwendo. Ilimlipa. Oklahoma, ambako Riley alimchukua mwaka 2019, ulinzi ulikuwa umeruhusu pointi 33.3 kwa mechi msimu wa 2018, na kufikia 2020 akaushusha hadi 21.7. Hiyo ni kazi ya kweli. Lakini hata huko, ilipokutana na LSU, chuo cha Louisiana, kwenye nusu fainali ya ubingwa wa taifa ya Desemba 2019, ilichapwa 63-28, na kotabeki wa LSU, Joe Burrow, alipiga pasi 7 za tachidauni kabla ya mapumziko.

Ubaya wa ulinzi unaotegemea kupora mpira ni kwamba mwaka wa neema unaficha ugonjwa. Mwaka 2022 USC walipora mpira mara 28, zikiwemo pasi 19 walizonasa. Shambulizi linalokutembeza uwanja mzima likikatizwa na pasi iliyonaswa, hakuna anayekumbuka kwamba ulishasukumwa yadi 60. Sehemu ya uporaji huo ni ujuzi, lakini mpira ulioanguka chini unadundadunda wenyewe na unaweza kwenda kwa yeyote. Mwaka 2023 bahati ilipogeuka na uporaji ukapungua, kikabaki kile kilichokuwepo muda wote.

Hapa ndipo hoja ya vipaji inapoanza kulegea, kwa maana tunaweza kuwafuata wachezaji walipokwenda. Calen Bullock, beki wa mwisho aliyelaumiwa mno pale USC kwa kukosa kuangusha watu, alichaguliwa na Houston Texans raundi ya tatu ya usajili wa NFL wa 2024, ambako timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na katika msimu wake wa kwanza wa NFL akanasa pasi 5. Houston walimweka nyuma kabisa, wakamwachia asome macho ya kotabeki na kuufuata mpira ukiwa hewani, kazi anayoijua. USC walikuwa wanamhitaji awe pia ukuta wa mwisho dhidi ya wakimbiaji waliopita bila kuguswa. Ni mchezaji yule yule. Tuli Tuipulotu, aliyeongoza nchi nzima mwaka 2022 kwa kuangusha makotabeki mara 13.5, alichaguliwa raundi ya pili na Chargers. Mekhi Blackmon akaenda Vikings raundi ya tatu. Kikosi hicho hakikuwa cha maskini wa vipaji, hasa nyuma.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, maana unakaribia jaribio la maabara, na Grinch mwenyewe alikuwemo. Mwaka 2018 alikuwa Ohio State, akishirikiana na Greg Schiano kuongoza ulinzi. Waliruhusu pointi 25.5 kwa mechi na zaidi ya yadi 400, hali ambayo chuo kile hakikuwa kimewahi kuiona. Purdue waliwapiga 49-20. Maryland nusura wawapige, 52-51, siku ambayo Anthony McFarland wa Maryland alikimbia yadi 298. Vijiweni Columbus, mji wa chuo hicho, ubishi ulikuwa huo huo wenu. Msimu uliofuata walikuja Jeff Hafley na Greg Mattison, wachezaji wengi wakiwa ni wale wale, na ulinzi ukaruhusu pointi 13.7 na yadi zisizofika 260. Kisha ukaja usajili wa NFL wa 2020: Chase Young namba 2, Jeff Okudah namba 3, Damon Arnette namba 19, na nyuma yao Davon Hamilton na Malik Harrison raundi ya tatu. Wote walikuwa kwenye kikosi cha 2018. Kweli, Nick Bosa, nyota wao wa safu ya mbele ya ulinzi, aliumia mechi ya tatu ya msimu ule na hakurudi, na vijana wengine walikomaa mwaka mmoja zaidi. Ondoa hayo yote, bado hupati sababu ya kutoka 25 hadi 13. Hafley alifanya jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo: akapunguza idadi ya vitu ambavyo kijana anapaswa kufikiria kabla ya mpira kuanzishwa, na akamweka beki mmoja wa mwisho katikati, nyuma kabisa, mara kwa mara, ili kosa la mtu mmoja lisigeuke tachidauni ya yadi 80.

Niongeze kwa nini mfumo una uzito mkubwa vyuoni kuliko NFL, kwa kuwa hili husahaulika. Sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinampa kocha saa 20 tu kwa wiki na wachezaji wake wakati wa msimu, na hao ni vijana wenye masomo, wengi chini ya miaka 22. Uwanja nao ni ule ule kwa upana, lakini mistari midogo ya katikati ambako mpira huwekwa imeachana futi 40 vyuoni, wakati NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo mpira ukiwekwa upande mmoja, upande wa pili unabaki na eneo kubwa ajabu la kulinda. Tena wakingaji wa vyuo wanaruhusiwa kwenda yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, hivyo mlinzi wa kati anaona kila dalili ya mbio, anapanda, na mpira unapita juu ya kichwa chake. Ukimpa kijana wa miaka 19 mpango mgumu katika mazingira hayo, utapata walinzi wawili wanaotazamana huku mpokeaji akikimbia peke yake. Ukiona kutazamana huko, ujue kwamba mmoja alidhani wanakaba eneo na mwenzake alidhani wanakaba mtu kwa mtu. Kipaji hakihusiki.

Sasa zamu ya shemeji yako. Desemba 2023 Riley alivuka mji tu akamchukua D'Anton Lynn kutoka UCLA, chuo jirani cha Los Angeles, ambako msimu ule ulinzi wake uliruhusu pointi 18.4 kwa mechi na kuipiga USC 38-20. Mwaka 2024 wastani wa USC ukashuka kutoka 34.4 hadi 24.1. Kupungua kwa pointi 10 ni jambo kubwa, ingawa sitampa Lynn zote. Walikuja wachezaji wapya pamoja naye, kama Kamari Ramsey kutoka UCLA na Easton Mascarenas-Arnold kutoka Oregon State, na mechi za Big Ten, ligi ambayo USC walihamia mwaka 2024, zinachezwa taratibu kuliko zile za Pac-12, ligi yao ya zamani. Hata hivyo ukitazama video unaona tofauti mara moja: watu wako kwenye mapengo yao, na mpokeaji wa kukimbia peke yake amekuwa adimu.

Halafu ikaja tarehe 21 Septemba 2024, Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan. Michigan walipata yadi 32 tu za pasi mechi nzima. Yaani kila aliyekuwa uwanjani alijua watakimbiza mpira. Walikimbia yadi 290. USC walikuwa mbele, na katika shambulizi la mwisho Kalel Mullings akachomoka yadi 63, kisha zikiwa zimebaki sekunde 37 akafunga kwenye jaribio la nne, la mwisho, kutoka yadi moja. 27-24. Walinzi wengi walikuwa pale walipotakiwa kuwa, ila walikuwa wanasukumwa. Mapema mwezi uliofuata Minnesota wakawashinda 24-17, na mwisho wa mechi wakafunga kwa kusukumana pale pale mstarini. Hapo hoja ya shemeji inasimama kwa miguu yake: hakuna mchoro wa ubao unaoweza kumfanya kijana wa kilo 125 akae mahali pake mbele ya wakingaji wawili wa kilo 145 kwa robo nne. Safu ile ilihitaji miili, na miili hiyo haikuwepo kwa sababu kwa miaka miwili timu ilitafuta na kutunza aina nyingine ya mchezaji. Lynn aliweza kurekebisha mpango kwa miezi minane. Mlinzi wa katikati wa safu ya mbele hujengwa kwa miaka mitatu, au hununuliwa kwa gharama kubwa, tena kila chuo kinamtaka.

Kwa hiyo mkibishana, gawaneni misimu. Mwaka 2022 na 2023 ni kesi yako. Mechi za Big Ten za 2024 ni kesi yake, ingawa mzizi wake ni ule ule.

Na msitumie pointi kwa mechi peke yake kama ushahidi, hata kama nami nimezitumia hapa kwa urahisi. Timu ya Riley mwaka 2023 ilikuwa inafunga haraka, wakati mwingine kwa dakika moja na nusu, ulinzi ukarudishwa uwanjani kabla haujamaliza kunywa maji. Timu inayokabiliwa na mashambulizi 14 itaruhusu pointi nyingi kuliko inayokabiliwa na 10 hata kama ubora ni sawa. Hesabuni pointi kwa kila shambulizi, au yadi kwa kila mchezo. Mkifanya hivyo kwa USC ya 2023, ulinzi bado unaonekana mbaya, lakini sehemu ya lawama inahamia kwa kocha mkuu, na ni haki ihamie. Yeye ndiye aliyechagua mwendo ule wa mashambulizi, na ndiye aliyemchukua Grinch Oklahoma na kuhama naye hadi Los Angeles.

Swali lako la pili lina jibu fupi, kwa sababu lilishajaribiwa. Kabla ya msimu wa 2023 USC hawakukaa mikono mitupu. Dirisha la uhamisho liliwaletea Bear Alexander kutoka Georgia, aliyekuwa kwenye kikosi cha mabingwa wa taifa, Anthony Lucas kutoka Texas A&M, Mason Cobb kutoka Oklahoma State, Kyon Barrs na Christian Roland-Wallace kutoka Arizona, Jack Sullivan kutoka Purdue na Jamil Muhammad kutoka Georgia State. Huo ulikuwa usajili mzito, tena baadhi yao wakubwa wa mwili, kwa lengo la kuziba pale palipovuja. Tuipulotu na Blackmon walikuwa wameondoka, ndiyo, na pengo la Tuipulotu halikuzibika. Lakini ukiwapima wote kwa pamoja, safu ya mbele ya 2023 ilikuwa nene kuliko ya 2022. Walipewa mpango ule ule wa kujitupa pembeni, na wastani wa pointi ukapanda kwa zaidi ya 5.

Wala kumfukuza kocha katikati ya msimu hakukuponya kitu. Wiki moja baada ya Grinch kuondoka, Oregon waliwapiga 36-27 na kotabeki wao Bo Nix akapiga pasi za yadi 412, kwa kuwa wachezaji walikuwa bado wanacheza kile walichofundishwa tangu masika. Kwa hiyo mbadilishe kocha Desemba, mpe masika na kiangazi kizima cha kufundisha, halafu mpe madirisha mawili ya uhamisho ya kutafuta watu wa safu ya mbele wanaofaa kile anachotaka kucheza. Baada ya hapo akiruhusu yadi 290 za mbio mbele ya timu isiyoweza kurusha pasi, shemeji yako atalazimika kukubaliana nawe.